Kusahau Kumeanza, Nyumba Bado Hujajenga: Namna ya Kujipangia Uzee Huku Kusini

Ukikaribia kustaafu kila mtu ana swali moja: umejenga wapi? Wakwe watauliza, wafanyakazi wenzako watauliza, hata wakala wa tiketi pale stendi atauliza. Hakuna atakayeuliza kama unakumbuka ulipoweka funguo jana jioni. Mimi nashauri uanze na hilo la funguo, kwa sababu ndilo linaloamua hilo la nyumba. Nyumba ya uzeeni humjengei huyu wa leo mwenye miaka 58, anayedandia bodaboda bila kofia. Unamjengea mwingine anayekuja nyuma yake, mwenye goti bovu, macho ya ukungu na kichwa kinachoachia mambo. Huyo ndiye mchagulie mahali.

Nimefundisha shule za msingi Nachingwea, Lindi na Mtwara hadi nilipotimiza miaka 60, umri wa lazima wa kustaafu kwa mtumishi wa umma. Kwetu ni Newala. Marehemu mume wangu alikuwa Mmwera wa Lindi, na kituo changu cha mwisho kilikuwa Mtwara mjini. Kwa hiyo nilikuwa na mahali patatu pa kurudi, na kila mahali pana ndugu waliokwisha kuamua kwamba nakwenda kwao. Haya nawaandikia wenzangu wa mikoa hii miwili ya kusini mwa Tanzania, Lindi na Mtwara. Wa kwingine achukue linalomfaa.

Kusahau kupi ni kusahau tu

Jina linalokukimbia mchana likarudi usiku umelala si ugonjwa. Kuingia chumbani ukasimama na kujiuliza nilifuata nini, si ugonjwa. Mimi nasimamishwa sokoni na wanaume wenye mvi: "Shikamoo mwalimu, umenisahau?" Usijifanye unamkumbuka, maana atakubana. Mwambie, "Marahaba baba, sura ninayo, jina limenikimbia. Wewe mtoto wa nani, na mlikaa mtaa gani?" Huku kwetu kuulizwa hivyo ni heshima. Atakutajia baba yake, mjomba wake na duka lililokuwa jirani, na mara nyingi jina linakuja kabla hajamaliza. Mwenye afya akipewa kidokezo hukumbuka. Basi jambo la kwanza la kuangalia ni hilo: kidokezo kinasaidia, au hakisaidii kitu?

Kusahau kwa kutia shaka kuko namna nyingine. Mzee ameuza korosho zake mnadani, pesa zimeingia benki, na baada ya siku chache analalamika kwamba chama cha msingi hakijapokea mzigo wake. Ukimwonyesha risiti anasema si yake. Mama aliyepika wali wa nazi maisha yake yote anasimama jikoni na bakuli la tui mkononi, hajui kinachofuata. Anakuuliza utaondoka lini, unamjibu, na kabla chai haijapoa anauliza tena kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Anatoka sokoni kwa njia aliyoizoea, anajikuta hajui kwake ni wapi. Na kuna hili linalogombanisha familia nyingi: anaficha pesa, anasahau, kisha anamshitaki mjukuu kwa wizi. Kabla hujamchapa mtoto, inua godoro, chungulia ndoo ya mchele, pekua foronya.

Kusahau kwa namna hiyo madaktari wanakuita dimensia, na watu wengi bado wanadhani ni maradhi ya Wazungu. Watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea wilayani Hai, Kilimanjaro, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wanayo. Kutokana na kazi iliyofanyika huko kikapatikana kipimo kifupi kisichohitaji mtu ajue kusoma: mzee anatajiwa maneno ayakumbuke baadaye, anaombwa ataje wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, anapewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata umbo aliloonyeshwa. Nakipenda kipimo hicho kwa sababu hakimwaibishi ambaye hakupita darasani, na wazee wa namna hiyo huku kwetu ni wengi, hasa akina mama. Ila usimfanyie mzazi wako mtihani sebuleni mbele ya wajukuu. Mpeleke kwa tabibu, na umwambie tabibu mambo mawili matatu uliyoyaona kwa macho yako, lini na wapi. "Anasahau sahau" hakumsaidii daktari. "Jumatatu iliyopita alipika mchuzi akautia chumvi, akautia tena, akautia tena" kunamsaidia.

Angalia na kasi. Dimensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaongea na watu wasioonekana ana kitu kingine: malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo (kwa wazee yanaweza kuja bila maumivu), sukari iliyoshuka, au maji yamepungua mwilini kwa joto la Januari. Huyo haendi kwa mganga wala hasubiri kesho. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka ghafla, hicho ni kiharusi. Tafuta bajaji saa hiyo hiyo.

Kabla hujajihukumu kwamba akili inakwisha, omba uangaliwe yale yanayofanana na dimensia na yanatibika. Huzuni ya kufiwa, kwa mfano, humfanya mtu asahau vibaya mno. Mimi mwenyewe mwaka niliofiwa na mume wangu sikujua leo Jumanne au Ijumaa. Tezi ya shingoni ikizembea, mtu huwa mzito wa kufikiri. Dawa ya kisukari iitwayo metformin, ukiitumia miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo unaharibu kumbukumbu. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, vile ambavyo wazee wengi wanavinunua duka la dawa ili "walale vizuri", vinachanganya kichwa cha mzee. Beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji, uzimwage mezani kwa daktari. Usichague za kumwonyesha.

Halafu masikio. Nusu ya tunaoitwa wasahaulifu hatukusikia tangu mwanzo. Hesabu hiyo ni ya kwangu ya barazani, usiinukuu, lakini jambo lenyewe si la mzaha: mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kushughulikiwa, likakadiria kwamba asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa. Kutosikia vizuri kumo. Kutoona kumo. Presha, sukari, sigara, pombe nyingi, upweke, kukaa bila kutembea, kuumia kichwa, vyote vimo, na elimu ndogo ya utotoni pia imo, jambo ambalo lilinifanya niwakumbuke wasichana waliotolewa darasani mbele ya macho yangu wakaolewe. Kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni nyepesi: kasafishwe nta masikioni, kapimwe mtoto wa jicho, pima presha, na ukipanda bodaboda vaa kofia.

Daftari, msumari na jiko

Nunua daftari la kaunta, lile gumu la kurasa nyingi. Toboa kona, funga kalamu kwa uzi, litundike jikoni mahali pamoja na lisihame. Kila kinachotoka na kuingia kiandikwe humo: nimemkopesha nani, fundi kachukua kiasi gani, dawa zinaisha lini. Karatasi ndogo ndogo hazifai, maana nazo utazisahau.

Funguo zina msumari wao karibu na mlango. Miwani ina kamba shingoni, wacheke wanaocheka. Dawa zifunge kwenye jambo ambalo hulisahau: mimi za asubuhi nazimeza nikimaliza sala ya alfajiri, za usiku baada ya isha. Ramadhani ikikaribia rudi kwa daktari mpange upya, hasa ukiwa na kisukari, usijipangie mwenyewe. Asiyeswali aunganishe dawa na chai au taarifa ya habari.

Jikoni weka kiti. Mbaazi hazina haraka, na wewe ukishatoka kwenda kumsalimia jirani utakaa. Ukibandika kitu, kaa nacho, chambua mchele, suka ukili, lakini usitoke. Wenye gesi, zoea kufunga kwenye mtungi na si kwenye jiko tu.

Na kichwa kipewe kazi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na anayelijua hupiga hesabu ya mizunguko kabla hajatia mkono. Huku kwetu wanawake hatukaribishwi sana penye bao. Mimi nilikwenda na kigoda changu nikakaa, wakazoea. Kama bao si lako kuna madrasa, kwaya, vikoba, kumfundisha mjukuu jedwali la kuzidisha. Redio peke yake haitoshi kwa sababu haikuulizi kitu.

Mama yangu na usiku wa Newala

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonifanya niamue nilivyoamua kuhusu makazi.

Mama alianza kusahau akiwa Newala, na kwa miaka miwili mitatu tulisema ni uzee. Kisha akaanza kuamka usiku. Wagonjwa wa aina hii wengi huchafuka jua likizama: wanafunga mizigo, wanataka kwenda "nyumbani", na nyumbani kwenyewe ni kule walikozaliwa, siyo kwenye nyumba walimo. Mama alikuwa anatoka saa nane za usiku, kanga moja kiunoni, anatafuta njia ya kijiji alichokiacha akiwa msichana. Sasa fikiria: kikongwe, peke yake, usiku, pembeni ya nyumba za watu. Yasingekwenda mbali, watu wangesema anawanga. Na yalianza kusemwa. Kaka yangu mmoja alishataka kumleta mtaalamu wa kienyeji amfanyie dawa.

Mambo yaliyomwokoa mama hayakutoka hospitalini. Mdogo wetu anayekaa naye alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa imamu na kwa vijana wa bodaboda wa kona, akawaambia waziwazi: "Bibi yenu ana maradhi ya kusahau, daktari kathibitisha. Mkimkuta nje usiku, msimkemee wala msibishane naye. Mwambieni, 'Bibi, twende nikusindikize,' mzunguke naye kidogo, mmrudishe." Namba ya simu ya nyumbani ikashonwa upindoni mwa ushungi wake kwa uzi mwekundu. Kitasa kikawekwa juu ya mlango, mahali ambapo hakuzoea kupapasa, na funguo akakaa nayo anayelala naye, maana kumfungia mgonjwa peke yake ndani ni hatari: nyumba ikiungua hatoki. Mchana akapewa kazi: kupepeta, kuchambua kunde, hata kama kunde zenyewe zilishachambuliwa. Anayechoka mchana hulala usiku.

Vijana wale wa bodaboda walimrudisha mara nyingi, na hakuna aliyedai nauli. Angekuwa kwenye mtaa wa wageni, wa kuta ndefu na mageti, sijui angeishia wapi. Kipimo changu cha kwanza cha makazi ya uzeeni kinatoka hapo: nikipotea, nani atajua mimi ni bibi wa nani?

Pesa zilindwe ukiwa bado unazijua

Hili nitalipitisha haraka kwa kuwa kila ofisi ina wa kulieleza. Mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa mwaka 2018 kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na tangu hapo kikokotoo cha mkupuo kimebadilishwa zaidi ya mara moja. Usipange nyumba kwa hesabu ya mwenzako aliyestaafu kabla yako. Kaombe hesabu yako. Uhakiki wa wastaafu usiupuuze, usipohakikiwa pensheni husimama, kwa hiyo mwezi wake uandikwe kwenye daftari la jikoni kwa wino mwekundu.

Namba ya siri ya simu isibandikwe nyuma ya simu. Wazee wengi wanamtajia wakala kwa sauti, foleni nzima inasikia. Mteue mtoto mmoja, mwambie mbele ya ndugu zake, na kila anapotoa pesa aandike kwenye daftari. Ukiona mzee ameanza kupokea simu za "tuma kwa namba hii" na anatuma kweli, au amechukua mkopo wa kausha damu ambao hawezi kuueleza, hiyo pia ni dalili ya ugonjwa, usimgombeze tu.

Wenye mikorosho waangalie kangomba. Kiangazi hakina pesa, anakuja mtu na bakuli lake, anampa mzee vijisenti leo ili achukue korosho minada ikianza Oktoba. Mzee mwenye kumbukumbu nzuri huingia mara moja akajifunza. Anayesahau huuza mti ule ule kwa watu watatu, na kesi inakuja kwako.

Wosia andika sasa. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kuhifadhi. Wosia ulioandikwa baada ya watu kuanza kunong'ona kwamba mzee hayuko sawa ni rahisi kupingwa mahakamani.

Sasa, wapi?

Nianze na ardhi kwa kuwa ndiyo inayoleta ugomvi. Sisi Wamakonde, kama Wamwera, Wamakua na Wayao, kwa asili ukoo wetu tunauhesabu kwa mama, na mjomba ana sauti kwenye shamba. Mwanamume anaweza kuishi miaka 30 kwenye uwanja wa ukoo wa mke, akajenga nyumba ya matofali, na mke akifariki akaambiwa kwa upole kwamba watoto wanauhitaji uwanja. Mjane aliyejenga kwa ndugu wa mume naye anaweza kuambiwa hivyo hivyo. Usitegemee mapenzi ya wakati wa harusi. Kijijini kuna hati miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mjini kuna hati. Jina liwe lako kabla tofali la kwanza halijalala.

Mimi Lindi niliiacha kwa sababu hiyo. Siwalaumu mashemeji, ni watu wema na nyumba yao ni yangu nikienda kusalimia. Lakini kujenga kwao bila hati, hapana. Kwa asiye na kizuizi hicho Lindi ni mji mzuri wa kuzeekea: mdogo, bahari mbele, watu wanajuana, hospitali ya mkoa ya Sokoine iko mjini. Ila chagua mtaa wa chini. Mitaa iliyopanda kilimani ina upepo na mandhari, na ina mteremko ambao goti litaulalamikia kila siku ya soko.

Newala ndiko kwetu, na hakuna mahali pengine ninapopumua vile. Jioni ukisimama Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma, unaweza kuamua vibaya. Tulipokuwa watoto maji yalikuwa yanafuatwa mabondeni, na hata leo usinunue kiwanja uwandani kwa Wamakonde kabla hujauliza majirani maji yanatoka siku zipi na pipa linauzwaje yasipotoka. Baridi ya Juni na Julai ni tamu kwa kijana. Kwa mwenye yabisi ni adhabu. Na rika langu walio hai huko ni wachache, watoto wao wako Dar es Salaam.

Masasi pako makutanoni, barabara za Tunduru, Newala, Nachingwea na Lindi zote zinakutana, kwa hiyo mtoto akitaka kukufikia hana sababu ya kutofika. Kuna hospitali ya Mkomaindo, na ukirudi njia ya Lindi kuna Ndanda, hospitali ya misheni ya Wabenediktini waliofika pale mwaka 1906. Ningekuwa na ugonjwa wa kudumu unaohitaji daktari kila mwezi, ningepanga nyumba Ndanda penyewe bila kuona haya. Kijiji chenye hospitali na maji ya chemchemi kina faida kuliko mji wenye taa.

Kilwa ni pazuri, na samaki wake sina la kusema. Lakini kumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile: barabara ya Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, magari yakakwama. Jambo hilo linatugusa sote wa kusini, si Kilwa tu. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na sehemu kubwa ya rufaa zetu zilikuwa zinaishia Muhimbili. Kwa hiyo swali siyo tu hospitali gani iko karibu. Uliza pia, barabara ikikatika, ninabaki na hospitali gani upande huu?

Jibu la swali hilo ndilo lililonileta Mtwara mjini. Kuna Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, na sasa kuna ya rufaa ya kanda kule Mitengo. Kuna uwanja wa ndege. Mji wenyewe ni tambarare, barabara zake pana, mzee anatembea kwenda sokoni bila kupanda kilima. Joto lipo na chumvi ya bahari inakula mabati na misumari, hilo ulijue ukinunua vifaa. Wengine wanapenda Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, nami naielewa sababu yao: mji wa kale, majirani wa vizazi. Nilipokwenda kutazama kiwanja kule wakaniita bibi kabla sijashuka kwenye bajaji. Nikaacha kwa sababu ya usiku: saa nane ukiwa na mgonjwa, kilomita kumi ni nyingi.

Nikanunua Chuno, nyumba ya mkono wa pili, siyo kiwanja kipya. Kiwanja kipya kina majirani wapya, na majirani wapya hawakujui. Kabla ya kulipa nilifanya hivi, nawe ufanye: nenda duka la mtaani, nunua sabuni, muulize mtoto anayeuza, "Nyumba ile ya mwembe anakaa nani?" Akikujibu jina, kazi na kwamba mama mwenye nyumba amesafiri jana kwenda msibani Tandahimba, mtaa huo unafaa. Akisema "sijui, wana geti", ondoka na sabuni yako.

Nyumba yenyewe

Baraza iangalie njia. Mafundi siku hizi wanaipeleka nyuma kwa ajili ya "faragha", na mzee anakaa faragha hadi anasahaulika. Ukiwa barazani mbele, wapita njia wanakusalimia, wewe unapata mazungumzo na wao wanajua leo hukutoka.

Sakafu ya niru inang'aa na inapendeza, ikilowa ni mtego. Bafuni weka sakafu ya kukwaruza, choo cha kukaa, na bomba la chuma la kushikilia lililochimbiwa ukutani. Fundi wa kuchomelea yeyote atakutengenezea. Ngazi mbili za mlangoni zigeuze mteremko. Milango iwe mipana kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu, hata kama leo unaona ni uchuro. Taa ya kuchaji ikae kitandani upande unaoshukia, na chandarua kichomekwe vizuri kisiburute chini, kwa sababu wengi wanaoanguka usiku wananaswa na chandarua chao wenyewe. Malapa yaliyolika soli tupa.

Ukishahamia, kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha afya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Asiye na uwezo aulizie kitambulisho cha matibabu kupitia ustawi wa jamii. Usione haya kupita mbele ya foleni. Umeikalia foleni hiyo maisha yako yote.

Kabla ya kununua, panga

Usinunue ukiwa likizo ya Agosti. Agosti kila mahali kusini ni pazuri, barabara kavu, upepo, watoto wako wamekuja. Panga chumba Januari hadi Machi, mvua zikiwa zimeshika na joto halipungui. Angalia bajaji inakufikisha mlangoni au inakuacha lami ukanyage matope. Hesabu siku ambazo maji hayakutoka. Nenda kliniki siku ya kawaida, siyo ukiwa mgonjwa, uone unakaa muda gani na wanakusemeshaje. Ulizia msiba ukitokea nani anachimba kaburi, na wewe unachangia nini. Usipoulizwa mchango mwezi wa kwanza, mtaa bado haujakuhesabu. Wenye nyumba watataka kodi ya miezi sita. Omba mitatu, na kama unaweza, muende wawili, mke na mume, maana atakayebaki peke yake siku moja ni mmoja wenu na hamjui nani. Kila mmoja aandike ukurasa wake kwenye daftari bila kumwonyesha mwenzake, halafu msome Aprili.